Kobe Kwenye Dashibodi: Joto Linapolisumbua Gari la Umeme

Dashibodi ya Nissan Leaf ina taa ndogo yenye umbo la kobe. Ikiwaka, gari limepunguza nguvu lenyewe ili lijilinde. Mara nyingi chaji imekaribia kwisha, na dawa ni kuchaji tu. Lakini dereva anayepanda mlima mrefu na chaji yake tele, kisha akaiona taa hiyo, afikirie joto. Tena ajiulize mapema: ni joto la kitu gani?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ndani ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza mna njia mbili za kupoza ambazo hazikutani popote. Kulanti, yaani maji ya rejeta, huzunguka kwenye mota, chaja ya ndani na inveta, kifaa kinachoubadili umeme wa betri uweze kuzungusha mota. Betri yenyewe haipati hata tone la kulanti, wala haina feni. Imefungwa ndani ya boksi chini ya sakafu, uzito wake karibu kilo 300, na hupozwa na hewa inayopita nje ya boksi basi. Kama sufuria kubwa ya ugali iliyofunikwa, hukaa na moto wake kwa saa nyingi. Kwa hiyo fundi anayemwongezea mteja kulanti ili betri ipoe anamtoza pesa za bure.

Madhara ya uamuzi wa kiwandani wa kuiacha betri bila kulanti wala feni yalionekana wazi mwaka 2012 katika jimbo la Arizona, Marekani. Madereva wa eneo la Phoenix, mji wa joto kali, waliona vijistari 12 vya dashibodi vya kupimia uwezo wa betri vikipungua mapema kuliko walivyotarajia. Nissan ililazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri, na baadaye ikaleta betri yenye kemikali zinazostahimili joto zaidi. Mfumo wa kupoza, hata hivyo, ulibaki uleule. Leaf zilizotumika Japani zinauzwa leo Kenya, na anayekusudia kuishi na moja Mombasa inafaa aijue historia hii kabla ya kulipa.

Joto la betri huzaliwa ndani yake. Umeme unapopita hukutana na ukinzani, na joto linaloletwa hukua kwa mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana chaja ya kasi huipasha betri kuliko kuchaji nyumbani usiku kucha. Kuchaji kwa kasi mara mbili tatu katika safari moja ya mchana ndiko kunakoiumiza Leaf, na spana haiwezi kulitibu hilo. Tiba ni kuchaji usiku, kuegesha kivulini, na kutoliacha gari juani likiwa na chaji asilimia 100.

Upande wa kulanti ndiko fundi aliko na kazi ya kweli. Hapa pampu haivutwi na mkanda wa injini. Inaendeshwa na umeme, haina kelele nyingi, na inaweza kufa bila mtu kujua. Washa gari, fungua boneti, sikiliza, kisha gusa mwili wa pampu uone kama unatetemeka. Kiwango kikishuka kwenye tangi dogo, kuna mahali panavuja: kwenye klempu za mipira, sili ya pampu, au rejeta iliyotobolewa na kokoto. Vumbi na wadudu nao hupenda kujibana kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi. Na baada ya kubadilisha pampu, hewa iliyonaswa ndani ya mabomba lazima itolewe. Ikibaki, pampu mpya itazungusha mapovu na joto litarudi palepale.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakigharimu chochote kama una kisomaji cha kompyuta ya gari. Gari likilala usiku mzima bila kuchajiwa, kabla ya kuliendesha asubuhi soma vihisi vyote vya joto. Vyote vinapaswa kukaribiana, ingawa vya betri vinaweza kuzidi kidogo kwa pamoja kwa sababu betri hupoa polepole. Kimoja kikitofautiana sana na wenzake, kishuku hicho kwanza kabla ya kununua kipuri chochote.

Magari mengine hupoza betri kwa kimiminika, na huko hatari hubadilika sura. Mwaka 2011 wakala wa usalama barabarani wa Marekani aliigongesha Chevrolet Volt kwa majaribio. Kulanti ilivuja ndani ya betri, na wiki tatu baadaye gari lililokuwa limeegeshwa likashika moto. Kampuni iliyolitengeneza iliimarisha mwili wa gari na kuongeza kihisi cha kiwango cha kulanti. Tangi la betri likipungua kwenye gari la aina hii, usiongeze maji ya bomba. Yana madini, na madini hupitisha umeme. Weka kulanti ile tu iliyotajwa na mtengenezaji, kisha utafute ilikovujia.

BMW i3 nayo hutumia gesi ya kiyoyozi kuipoza betri moja kwa moja. Kwa mwenye i3, kiyoyozi kisichotoa baridi ni ugonjwa wa betri, hata kama yeye mwenyewe hupenda kuendesha madirisha wazi.

Nyaya za rangi ya machungwa ndani ya magari haya yote zinabeba volti mia kadhaa, na kapasita za inveta hubaki na umeme kwa dakika kadhaa hata baada ya umeme wa betri kukatwa. Usizifungue kama hukufunzwa. Kuangalia tangi, kusikiliza pampu, kusafisha rejeta na kusoma vihisi unaweza kuvifanya mwenyewe. Na fundi akikuambia betri imekufa, mwombe akuonyeshe namba alizosoma kabla hujatoa hata shilingi.