Fundi wa Gerezani na Karatasi Asiyokuwa Nayo

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya mfungwa, na hasa juu ya siku ile anapofunguliwa lango na kurudi kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasafiri kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Njia hiyo inapita Ulaya (ndiyo, wilaya ya Kilosa inayo Ulaya yake, na haihitaji pasipoti). Nikisubiri gari pale Mikumi, nilimkuta mwashi akipandisha ukuta wa banda la biashara. Kamba imenyooka, matofali yamekaa sawa kwa timazi. Nilipomsifu, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba kazi ile aliijulia gerezani. "Mwenye banda akijua, mzee wangu, kesho naambiwa nisirudi." Alikuwa akilipwa ujira wa kibarua, maana ufundi wake hakuwa na karatasi ya kuuthibitisha.

Magereza yetu hayakosi kazi. Jeshi la Magereza ni idara inayojitegemea tangu mwaka 1931, na Shirika lake la uzalishaji liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Samani za Ukonga na viatu vya Karanga, Moshi, vinajulikana. Huko Mbigiri, Kilosa, Magereza ni mbia katika kampuni ya sukari ya Mkulazi, ambayo kiwanda chake Rais alikizindua Agosti 2024. Lakini kufanyishwa kazi si kufundishwa kazi. Mtu anaweza kulima miaka mitatu akatoka na sugu za mikono, basi.

Mafunzo yenyewe yapo. Kule Mbeya, gereza la Ruanda lina chuo cha ufundi ambako wafungwa husomea uashi, useremala na fani nyingine. Taabu ni hesabu ya siku. Aliyehukumiwa miezi 18, akiwa na nidhamu, husamehewa theluthi moja. Atakaa miezi 12. Huyo hatapelekwa Mbeya kusoma. Atabaki kwenye gereza la wilaya, na kama mkuu wa gereza ana ukuta wa kujenga, atajifunza kwa kushika mwiko.

Kwa mtu wa namna hiyo dawa ilishapatikana uraiani. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale anapopungukiwa, kisha anapewa cheti. Mafundi wengi wa mitaani wamekipata hivyo bila kukaa darasani miaka miwili. Na chuo cha VETA kipo Mikumi, wilaya ile ile yenye gereza la Kilosa, mwendo usiofika kilomita 100. Mtahini mmoja na pima maji yake anaweza kwenda Kilosa, akawapima waashi na maseremala waliokaribia kutoka, na karatasi ikaandikwa jina la VETA, si jina la gereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa kwa jina la Mandela, zinataka hivyo hivyo: elimu ya gerezani iungane na mfumo wa elimu wa nchi, ili anayetoka aendelee bila kikwazo.

Mama mmoja muuza ndizi stendi ya Mikumi nilipomweleza haya alinikata kauli: "Baba, mwanangu hakuiba kitu na ada ya chuo sina. Mwizi ndiye asomeshwe bure?" Sikumcheka, kwani uchungu wake ni wa haki na mwanawe naye astahili kusoma. Nilimwambia kwamba upimaji wa siku chache haumnyang'anyi kijana wake nafasi darasani, na kwamba aliyeiba ndizi zake atarudi stendi hiyo hiyo, awe na cheti au asiwe nacho. Hakuridhika sana. Aliniuliza huyo fundi wa cheti atanunua kwa nini mwiko na toroli, na hapo alinishika, kwa sababu karatasi pekee haichanganyi zege.

Mwaka uliofuata nilipita tena Mikumi. Banda limekwisha, mwashi ameshahama. Mwenye nalo alinionyesha ukuta kwa fahari, akasema alijengewa na kibarua.