Pundamilia kwenye Karatasi ya Mtoto: Somo la Uumbaji kwa Walezi wa Bonde la Kilombero

Katika parokia nyingi, watoto wa chekechea na wa Shirika la Utoto Mtakatifu hupewa karatasi zenye michoro ya wanyama ili wazipake rangi, na mara nyingi kazi hiyo huchukuliwa kuwa njia ya kuwatuliza tu wakati wakubwa wakiendelea na kikao chao. Lakini karatasi moja ya pundamilia, ikitumiwa kwa makini, humfundisha mtoto kutazama. Kitabu cha Mwanzo (2:19) kinasimulia kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje: aliwaona kwanza, ndipo akawapa majina.

Kata ya Kisawasawa imelala chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara ya kwenda Ifakara. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, iko jirani, ila misitu yake si makazi ya pundamilia, ambaye ni mnyama wa mbuga za nyasi. Anapatikana Mikumi, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1964, na katika Hifadhi ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Abiria wa treni ya TAZARA huweza kumwona kupitia dirishani. Mtoto asiyesafiri hamwoni kabisa. Kwa watoto wengi, "zebra" ni mistari myeupe ya kuvukia barabara.

Kwa hiyo mlezi aanze na jina. Milia ni mistari, na pundamilia ni punda mwenye mistari. Watoto wanamjua punda, basi waulizwe: hawa wawili wanafanana wapi na wanatofautiana wapi? Tena kitabu cha Ayubu, sura ya 39, kinamtaja punda mwitu, anayeishi huru nyikani bila kumsikiliza mswagaji yeyote. Pundamilia ni ndugu yake wa karibu, naye pia hakukubali kirahisi kufungwa nira.

Ushauri wa pili ni huu: mlezi asitoe mchoro wenye milia tayari. Achore umbo tupu la mnyama, na milia iachwe kwa watoto. Hapa pundamilia ana faida ambayo kasuku na kinyonga hawana: haihitajiki boksi la penseli za rangi. Kipande cha mkaa kinatosha darasa zima, hata watoto wakiwa sitini. Kabla hawajaanza, waelezwe kwamba milia ya shingoni husimama wima, ya mapajani ni mipana na huenda mshazari, ya miguuni huzunguka kama pete hadi karibu na kwato. Nywele za shingoni zimesimama kama brashi, nazo hufuata milia ya shingo. Pua na mdomo ni vyeusi.

Kazi zikishabandikwa ukutani, watoto wenyewe wataona kwamba hakuna milia iliyofanana na ya mwenzake. Ndivyo ilivyo porini. Watafiti huwatambua pundamilia mmoja mmoja kwa picha za milia yao, na jike anapozaa huwazuia wenzake wasimkaribie mtoto siku za mwanzo, ili amzoee mama yake kwa milia, harufu na sauti. Katekista akitaka kuwaeleza watoto kwamba Mungu anamjua kila mmoja wao kwa jina, mfano ameshaupata ukutani.

Mtoto akitumia rangi ya kahawia, asikaripiwe. Pundamilia mchanga huzaliwa na milia ya kahawia, ambayo huwa myeusi kadiri anavyokua. Udongo wa kufyatulia matofali, ukilowanishwa kidogo, hutoa rangi hiyo vizuri. (Familia ya pundamilia ina dume mmoja na majike kadhaa, katekista mwenye busara hatautumia mfano huu katika mafundisho ya ndoa.)

Swali litakalofuata bila shaka ni: milia ni ya nini? Jibu lenye ushahidi mwingi zaidi leo linahusu nzi wanaouma, wakiwamo mbung'o. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, farasi nchini Uingereza walivishwa mavazi meusi, meupe na yenye milia. Nzi waliwakaribia wote, lakini walishindwa kutua vizuri kwenye milia. Mwaka huohuo watafiti wa Japani waliwapaka ng'ombe milia myeupe, na kuumwa na nzi kukapungua kwa takribani nusu. Mbung'o hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Watu wa Ifakara wanayo sababu ya kulipenda jibu hili, kwa kuwa Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel aliyeanzisha hapo mwaka 1957 maabara iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara, alikuwa mtafiti wa mbung'o na vimelea vyao.

Linabaki swali gumu zaidi, nalo lisikwepwe. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato si' (namba 33) anasikitika kwamba kila mwaka hutoweka aina za viumbe ambazo watoto wetu hawataziona kamwe. Bonde letu, lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, limepoteza sehemu kubwa ya nyasi zake kwa mashamba na malisho, na njia za wanyama kati ya Udzungwa na Nyerere zimebanwa. Wakulima hawa ndio wazazi wa watoto hao hao, na mpunga ni chakula chao. Mlezi asiwafanye watuhumiwa mbele ya watoto wao.

Afadhali karatasi inayofuata iwe ya sheshe, swala wa kando ya mito, ambaye bonde hili lilisifika kwa makundi yake. Ni vigumu kupata mchoro wake dukani, hivyo mlezi atalazimika kuuchora mwenyewe: rangi ya dhahabu iliyokolea kahawia, pembe kwa dume peke yake, nyasi fupi chini, maji karibu. Na watoto watumwe nyumbani kuwauliza babu na bibi walimwona wapi mara ya mwisho.