Ruta Moja, Makufuli Mawili

Ukinunua ruta ya 4G ya mitumba mjini Lubumbashi, angalia nembo kabla ya kuuliza bei. Nyingi ziliagizwa na kampuni fulani ya simu, ya hapa Kongo au ya Ulaya, na zimefungwa zisipokee kadi ya SIM ya kampuni nyingine. Unaweka kadi ya Airtel au Orange, unawasha, na mtandao haushiki. Muuzaji anakutuma kwa fundi ikadekodiwe. Vijana wanaosoma informatiki nao wana jibu lao: weka OpenWrt, programu huria, kila kitu kitafunguka.

Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa, na wengine ruta yenyewe. Ndani ya kasha hilo kuna kompyuta mbili, kila moja na kufuli lake, na kufungua la kwanza hakufungui la pili.

Kompyuta ya kwanza ndiyo ruta. Inagawa Wi-Fi, inatoa anwani kwa simu na laptop za nyumbani, inaonyesha ukurasa wa mipangilio. Kwenye ZTE MF286, ambayo kampuni kadhaa za Ulaya ziliwapa wateja wao, prosesa yake ni QCA9563 ya Qualcomm na RAM ni MB 128. Kompyuta ya pili ni modemu, inayozungumza na mnara. Ina prosesa yake na programu yake, na mara nyingi inawasiliana na ya kwanza kwa USB iliyofichwa ndani ya bodi.

Kufuli la kampuni limo kwenye modemu. Kila kadi ya SIM ina namba iitwayo IMSI. Tarakimu tatu za mwanzo zinataja nchi, na Kongo ni 630. Zinazofuata zinataja kampuni: 01 ni Vodacom, 02 ni Airtel. Modemu iliyofungwa husoma tarakimu hizo na kuzilinganisha na orodha iliyopewa kiwandani. Zisipokuwemo, inagoma. Fundi anayejua kazi haanzi kwa kubahatisha, anaiuliza modemu kwa amri fupi, AT+CPIN?. Ikijibu READY, njia ni nyeupe. Ikijibu PH-NET PIN, imefungwa na inasubiri namba ya kufungulia. Badilisha programu ya ruta utakavyo, jibu hilo halitabadilika.

Namba hiyo hutoka kwa kampuni iliyoifunga, na njia salama ni kuiomba huko ukishamaliza malipo ya mkataba. Kuotea ni hatari, kwa sababu modemu huhesabu makosa, na hesabu ikiisha haipokei tena hata namba sahihi. Akitokea mtu wa kukwambia ataifungua kwa kubadilisha IMEI, chukua kifaa chako uondoke. IMEI ni kitambulisho cha kifaa, na kuibadilisha hakufungui kufuli la kampuni. Wakongo wanaijua vizuri tangu tozo la simu lililoitwa RAM, lililoanza 2020 na kufutwa 2022 baada ya malalamiko mengi: simu zilitambuliwa kwa namba hiyo hiyo. Kuigusa ni kujitafutia kesi.

Basi OpenWrt ina kazi gani? Ina kazi kubwa, ila kwenye kompyuta ya kwanza, ambayo kufuli lake ni programu ya mtengenezaji. Mwishoni mwa 2002 Linksys ilitoa ruta ya WRT54G. Mwaka uliofuata wataalamu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake, GPL, inamtaka anayesambaza programu hiyo atoe pia msimbo chanzo. Kampuni ikabanwa, ikautoa. Mwaka 2004 OpenWrt ikazaliwa juu ya msimbo huo. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba haki hii ya kupata msimbo haikutokana na huruma ya kampuni yoyote, ilitokana na leseni iliyoandikwa kwa uangalifu. Huku Afrika, mradi wa Village Telco wa Afrika Kusini uliijenga Mesh Potato, kifaa cha kuunganisha simu za majirani, juu ya OpenWrt hiyo hiyo.

Faida ya kwanza ni usalama. Ruta ambayo kampuni yake iliacha kuitengenezea masasisho inabaki na matundu ya miaka yote. OpenWrt huyaziba hata kwa kifaa kilichosahauliwa na mtengenezaji. Ya pili utaihisi jioni, watu wa parseli nzima wanapotumia laini moja. Mmoja anapakia video, na simu ya WhatsApp ya mwingine inakatika-katika. Mara nyingi kasi ipo, kinachoua ni foleni. Pakiti ndogo za sauti zinakwama nyuma ya pakiti nzito za video, kama ambulensi iliyokwama nyuma ya malori ya shaba pale mpakani Kasumbalesa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel, inayopima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni, siyo urefu wa foleni, na kudondosha baadhi muda ukizidi, ili mtumaji apunguze kasi. OpenWrt inayo, pamoja na mbinu zilizoiendeleza. Kwenye 4G, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, weka kikomo chini kidogo ya kasi unayoipata kwa kawaida, la sivyo foleni itahamia kwenye modemu, ambako ruta haina mamlaka.

Lakini siyo kila ruta inakubali. Huawei B310 na B315 zina chipu za HiSilicon ambazo OpenWrt haiziwezi, usizisumbue. Ruta yenye flashi (hifadhi ya programu) ya MB 4 na RAM ya MB 32 ni ndogo mno kwa matoleo ya leo. Tafuta namba kamili ya modeli na toleo chini ya kasha, kwa sababu herufi moja hubadilisha kila kitu: MF286 na MF286R hazina modemu ya aina moja.

Kisha kuna umeme. Ukikatika wakati programu inaandikwa kwenye flashi, ruta inaweza isiamke tena, na wateja wa SNEL, shirika letu la umeme, hawahitaji kuelezwa zaidi. Iendeshe kwa betri yenye volti zilizoandikwa kwenye adapta yake. Kabla ya hapo nakili flashi yote uihifadhi kwenye kompyuta. Ruta zenye chipu za Atheros zina kipande kiitwacho ART, chenye vipimo vya redio vilivyochukuliwa kiwandani kwa kifaa hicho kimoja. Ukikifuta bila nakala, Wi-Fi yako haitarudi kama ilivyokuwa, na faili ya ruta ya rafiki haitakusaidia.

Ruta ikiamka na OpenWrt, unganisha kwa kebo na ufungue 192.168.1.1. Wi-Fi itakuwa imezimwa na nenosiri la msimamizi halijawekwa. Weka nenosiri kwanza, ndipo uwashe redio.