Uzuri wa Nyuso

Mwaka 1863, Julia Margaret Cameron, mwenye umri wa miaka 48, alipewa kamera na binti yake na mkwewe. Alikaa Kisiwa cha Wight, Uingereza, wala hakuwa fundi wa picha. Basi banda la kuku akaligeuza chumba cha kupigia picha, na ghala ya makaa ikawa chumba cha giza cha kuzisafishia. Mary Hillier, mtumishi wake, alimpiga picha kwa heshima ileile aliyompa Sir John Herschel, mjuzi wa nyota. Wapiga picha wengine walimlaumu, kwa kuwa picha zake zilikuwa na ukungu, yeye hakuacha. Leo zinatunzwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Uzuri u karibu. Humngoja atazamaye kwa subira.