Tairi la akiba la timu: Jinsi klabu za Marekani zinavyochagua walinzi wa benchi

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala au Kigali hununua tairi la akiba huku akiomba asilitumie. Safari nyingi tairi hilo huning'inia chini ya bodi likila vumbi. Lakini jingine likipasuka usiku wa manane, hakuna atakayekumbuka bei yake. Swali litakuwa moja tu: litaingia?

Nchini Marekani, klabu 32 za ligi ya kulipwa ya futiboli, NFL, hujiuliza swali kama hilo kila mwisho wa Agosti. Ndipo makocha na mameneja hupunguza kikosi cha wachezaji 90 waliofanya mazoezi ya kabla ya msimu hadi 53. Mashabiki hubishana kuhusu nyota. Nafasi za walinzi wa akiba wa ukuta wa mbele hupita kimya kimya, ingawa hizo zimewahi kuwaangusha mabingwa.

Futiboli ya Marekani si kandanda. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Timu inaposhambulia, watu watano wenye miili mikubwa, wengi wakizidi kilo 130, hujipanga mstari mmoja mbele ya mrushaji mpira, anayeitwa kwotabeki. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie kwa zile sekunde mbili tatu anazohitaji ili kumwona mwenzake aliye wazi.

Mmoja wao husimama katikati na kuanzisha mchezo kwa kumrudishia mrushaji mpira kupitia katikati ya miguu. Wawili husimama ubavuni mwake, kushoto na kulia. Wawili wa mwisho hulinda pembe, ambako huja wapinzani wenye kasi zaidi. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia huipa mgongo pembe ya kushoto, hivyo hatari ya upande huo huwa haioni.

Ugumu unaanzia kwenye hesabu. Kikosi cha watu 53 kwa kawaida hubeba walinzi wanane hadi kumi wa ukuta huo, na siku ya mechi si wote wanaovaa jezi. Kanuni iliyoanza mwaka 2020 inaruhusu timu kutumia wachezaji 48 iwapo angalau wanane kati yao ni walinzi hao. Wakipungua, timu hubaki na 47. Wanane wakivaa, watano huanza na watatu hukaa benchi. Watatu hao lazima watoshe kuziba nafasi tano.

Kwa hiyo makocha hawatafuti tu aliye bora. Wa kwanza lazima aweze kuanzisha mpira katikati na pia kucheza ubavuni. Wa pili lazima amudu pembe zote mbili, jambo gumu, kwani anayehama kutoka kulia kwenda kushoto hugeuza kila kitu: mguu wa kurudi nyuma na mkono wa kumpokea mpinzani. Wa tatu mara nyingi ni kijana anayetengenezwa kwa msimu ujao. Hodari wa nafasi moja pekee anaweza kuachwa, na wa wastani anayemudu nafasi tatu akabaki.

Klabu inaweza kumwacha kijana kwa matumaini ya kumrudisha kwenye kikosi cha mazoezi, chenye nafasi 16. Lakini mchezaji ambaye hajatimiza misimu minne huwekwa kwanza mbele ya klabu nyingine zote, na yoyote inaweza kumchukua.

Kisha kuna fedha. Mwaka 2024 kila klabu iliwekewa kikomo cha mishahara cha dola milioni 255.4. Kila dola anayolipwa mtu wa benchi ni dola ambayo haikwenda kwa mfungaji au mrushaji. Mfanyabiashara anaijua hali hiyo: ni mtaji uliolala stoo.

Kansas City Chiefs wanaijua gharama ya upungufu. Waliingia msimu wa 2020 wakiwa mabingwa. Kabla haujaanza, walinzi wao wawili walijitoa kutokana na Covid-19. Mmoja wao, Laurent Duvernay-Tardif, ambaye ni daktari, alikwenda kuhudumia wazee katika makao yao nchini Kanada. Oktoba wakampoteza Kelechi Osemele kwa majeraha ya magoti, na Mitchell Schwartz wa pembe ya kulia kwa maumivu ya mgongo.

Walisonga mbele kwa akiba. Januari 24, 2021, katika nusu fainali dhidi ya Buffalo Bills, Eric Fisher wa pembe ya kushoto aliumia kano ya kisigino. Pengo hilo moja lilivuruga nafasi tatu. Mike Remmers alihamishwa kutoka pembe ya kulia kwenda kushoto, Andrew Wylie akatolewa ubavuni kwenda pembe ya kulia, na Stefen Wisniewski akaingia mahali pa Wylie.

Februari 7, katika fainali ya Super Bowl, ukuta huo ulivunjika. Mrushaji Patrick Mahomes alibanwa mara 29, rekodi ya fainali hizo, na Chiefs wakafungwa na Tampa Bay Buccaneers 31-9.

Msimu uliofuata ulipofunguliwa, walinzi wote watano walioanza walikuwa wapya. Nick Allegretti, aliyeanza katika fainali ile, alirudishwa benchi. Klabu ilikuwa imemchukua mwaka 2019 katika raundi ya saba, ya mwisho kabisa ya mgao wa chipukizi. Wangeweza kumwacha. Walimbakiza.

Miaka mitatu baadaye walimhitaji. Januari 2024 Joe Thuney, nguzo ya ubavu wa kushoto, aliumia kifua. Allegretti akaanza fainali ya Februari 11 mjini Las Vegas. Katika robo ya pili kano ya kiwiko chake ilichanika, lakini alicheza hadi muda wa nyongeza. Chiefs wakaishinda San Francisco 49ers 25-22. Wiki chache baadaye Washington Commanders wakamsajili.

Msimu uliofuata pembe ya kushoto ya Chiefs ikayumba, na Thuney akatolewa ubavuni kwenda kuiziba. Tundu moja likazibwa kwa kutoboa jingine, kama mwaka 2021. Katika fainali ya Februari 9, 2025, Mahomes aliangushwa na mpira mkononi mara sita, na Philadelphia Eagles wakashinda 40-22.

Mwisho wa Agosti orodha za watu 53 zinapotangazwa, majina ya walinzi wa benchi husomwa na wachache. Hukumu juu ya uteuzi wao husubiri hadi mmoja wa wale watano anapotolewa uwanjani akichechemea.