Sura ya Nne: Amana, Daftari na Chuma Ulete

Nilipoazimia kuiandika sura hii niliipanga mafungu matatu: simu iliyo mkononi, kisha minara na nyaya zinazoihudumia, na mwisho programu zinazoendesha vyote hivyo bila kuonekana. Mpango huo haukunifaa, kwa kuwa kila nilipozungumza na watu juu ya usalama wa fedha za simu, iwe Morogoro mjini, iwe Kilosa, iwe Tindiga penye mashamba ya mpunga, nililakiwa na neno moja ambalo halina budi kuondolewa njiani kabla ya mengine yote, nalo ni chuma ulete, uchawi unaodhaniwa kuvuta fedha za watu bila mkono kuonekana.

Siku moja ya mavuno niliketi kando ya kibanda cha wakala mmoja wa Tindiga, kijana mwenye bidii, ambaye mezani pake palikuwa na simu mbili, moja ikiwa kitochi kilichofungwa mpira ili betri isichomoke, na daftari la shule lililopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Fedha za droo pamoja na floti ya kwenye simu zilikuwa zimepungua shilingi 180,000, na maadamu hakumwona mtu aliyetia mkono drooni, alikwisha kuyakinisha kwamba amechukuliwa na mwenye chuma ulete, hata akaweka ndimu na chumvi chini ya noti zilizosalia. Nilimsihi tusome meseji zake za siku ile moja baada ya nyingine. Tulipofika za alasiri tuliikuta moja iliyosema amepokea 180,000, imetungwa kwa maneno yale yale ya kampuni, lakini imetoka katika namba ya kawaida ya mtu, na salio lililotajwa mwishoni halikulingana na salio la meseji iliyotangulia. Aliyeitunga aliweza kuiga maneno yote ila hilo salio, kwa sababu halijui mtu isipokuwa wakala mwenyewe na daftari la kampuni. Noti zile kijana alizihesabu na kumkabidhi mgeni mwenye pikipiki kwa mkono wake mwenyewe.

Naomba msomaji anivumilie niieleze hesabu hii kwa utulivu, maana ndiyo kazi yangu. Fedha haimo ndani ya simu, wala haipeperuki hewani kama pumba. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, kilichokuwa kiini cha huduma hii ni daftari kuu lililomo katika seva za kampuni, na fedha zenye thamani sawa na mistari ya daftari hilo huwekwa amana benki. Kutuma ni kupunguza mstari mmoja na kuongeza mwingine kwa kiasi kile kile, na kila tendo hupewa namba ya kumbukumbu na saa yake. Shilingi haitoki katika mstari wa mtu pasipo kuingia katika mstari wa mwingine. Basi palipopotea fedha yupo aliyeaminiwa pasipostahili, na swali la haki ni nani, lini na kwa ushahidi gani. Atajaye chuma ulete amelifunga swali hilo kabla halijaulizwa, na mwizi akapata siku nyingine ya kufanya kazi. Ndiyo sababu naliona neno hili lina madhara zaidi kuliko wizi wenyewe.

Dhana ya pili ni ya waliosoma, nayo hunikera vile vile. Wao huidharau namba ya siri ya tarakimu nne, wakidai kwamba usalama ni urefu. Kutoka 0000 hadi 9999 kuna namba 10,000, na mwizi anayejaribu moja kila baada ya sekunde tano angezimaliza zote kwa saa zisizotimia 14. Lakini mtambo haumpi saa hizo, kwa kuwa akikosea mara chache tu hufungiwa. Ulinzi umo katika kufungiwa huko. Tarakimu nne zikifanywa kumi na mbili, mzee wa shamba ataziandika kwenye karatasi na kuikunja nyuma ya betri, na hapo siri imekwisha. Anayejidhuru kwa hakika ni yule aliyechagua mwaka wake wa kuzaliwa, maana uso wake umekwisha kumtajia mwizi makisio machache ya kujaribu.

Wako pia wanaosema kwamba njia ya nyota na reli, ile ya kubonyeza * na #, haistahili kuaminiwa, kwa kuwa maneno yake hayafumbwi tangu simuni hadi mwisho wa safari. Wasemalo ni kweli: hufumbwa baina ya simu na mnara, kisha ndani ya mitambo ya kampuni yanasomeka. Lakini njia hiyo hufanya kazi katika kitochi, bila kifurushi, penye mtandao hafifu, na aliyeuza magunia yake mawili ya mpunga hawezi kuambiwa angoje mpaka apate simu janja ndipo astahili usalama. Kila ulinzi una bei yake, na anayeipanga bei ni nadra kuwa ndiye anayeilipa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, ulidhaniwa na wengi kuwa utakomesha meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii”. Haukuzikomesha, maana kidole huthibitisha aliyekiweka, hakimthibitishi atakayeishika laini. Mtu huambiwa arudie kwa madai kwamba cha kwanza hakikusoma, na laini ya pili ikaenda kwa tapeli. Na mkulima ambaye mpini wa jembe umemsugua vidole, ambaye kwa kweli hurudishwa mara nyingi, ndiye mwepesi kuhadaiwa. Abonyeze *106# aone ni namba ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake.

Hapa ndipo nilipokusudia kuingia minarani, lakini kuna kisa ambacho siwezi kukipita. Ipo programu ndogo iitwayo xz, kazi yake kubana mafaili yachukue nafasi ndogo, nayo imo katika kompyuta nyingi mno za Linux, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya intaneti. Kwa miaka mingi ilitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2021 alitokea aliyejiita Jia Tan, akawa analeta marekebisho madogo yenye manufaa; mwaka 2022 watu wengine wasiojulikana wakamshinikiza Collin, aliyekuwa amekiri kulemewa, amkaribishe msaidizi. Fikiri mgeni aliyefika kijijini, akasaidia kupakia magunia ghalani misimu miwili bila kudai ujira, akasalimia wazee kwa adabu, mpaka akakabidhiwa ufunguo wa ghala. Jia Tan alikabidhiwa ufunguo, na Februari 2024 akatoa toleo la 5.6.0 lenye mlango wa uani, umefichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, ili mwenye ufunguo fulani aweze kuingia katika seva za watu bila hodi.

Aliyeugundua ni Andres Freund, fundi wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambaye hakuwa akimtafuta mwizi. Alikuwa akipima kazi zake, akaona kuingia katika seva kunachelewa kiasi cha nusu sekunde kuliko kawaida, akakataa kuipuuza. Tarehe 29 Machi 2024 aliutangazia ulimwengu, ilhali toleo lile lilikuwa limefikia hasa matoleo ya majaribio ya Linux. Jina la kweli la Jia Tan halijajulikana. Nusu sekunde ya Freund na salio la Tindiga ni jambo moja: hesabu iliyokataa kulingana, na mtu aliyekubali kuifuata. Tofauti yao ni kwamba Freund aliifuata kwa tabia yake, ilhali kijana wetu alihitaji kwanza kuziondoa ndimu.

Jioni ile alifika bibi mmoja kutoa fedha alizotumiwa na mwanawe, akifuatana na mjukuu wa miaka kama kumi. Bibi hajui kusoma, na kitochi chake alimpa mtoto abonyeze namba ya siri. Nilimwambia kwa heshima kwamba namba hiyo haifai kujulikana na mtu wa pili. Alinitazama, akanijibu, “Mwanangu, mwaka jana nilikuwa nikimtajia wakala kwa mdomo, na foleni yote ikisikia. Huyu akinidhulumu najua anapolala.” Sikuwa na ushauri ulio bora kuliko huo. Kijana wa kibandani aligeuza uso akatazama barabara mpaka mtoto alipomaliza, kisha hakuigusa droo. Alibonyeza kwanza nyota na reli, akasoma salio lake kwa sauti, akaliandika daftarini, ndipo akahesabu noti.