Nafsi, Kauli na Mhusika: Gumzo la Wachezaji wa The Sims kwa Mtazamo wa Sarufi ya Kiswahili

Utangulizi

Mchezo wa kompyuta wa The Sims, uliobuniwa na Will Wright na kutolewa nchini Marekani mwaka 2000, hauna mshindi wala tamati. Mchezaji hujenga nyumba, huwaweka wahusika ndani yake, kisha hushughulikia mahitaji yao: njaa, usingizi, usafi, urafiki na mengineyo. Wahusika huzungumza Simlish, lugha ya kubuni ambayo kwa sehemu kubwa hubeba hisia pasipo maana mahususi za kileksika. Kwa kuwa mchezo hausimulii kilichotokea, mchezaji ndiye anayekisimulia, aghalabu kwa mchezaji mwenziwe. Makala haya yanafafanua namna sarufi ya Kiswahili inavyomlazimu msimulizi huyo kubainisha uhusiano wake na mhusika. Mifano yote imeundwa kwa madhumuni ya ufafanuzi.

Njia tatu za kusimulia tukio moja

Kitenzi cha Kiswahili chenye njeo hudai kiambishi cha mtenda. Hivyo, mhusika wa kike anapofunga ndoa mchezoni, msimulizi ana walau njia tatu:

(1) Nimeolewa.
(2) Ameolewa.
(3) Nimemwoza.

Katika (1) mchezaji na mhusika ni nafsi moja. Katika (2) mhusika ana maisha yake, naye mchezaji ni shahidi tu. Katika (3) kauli ya kutendesha inawatenganisha: ni- ni ya mchezaji, -m- ni ya mhusika, na kitenzi chenyewe, oza, ni cha mzazi au mlezi.

Uteuzi huu hubeba pia suala la uwajibikaji. Mchezo huruhusu wahusika kujiamulia baadhi ya mambo. Asiyejua kupika anaweza kusababisha moto bila kuamriwa. Aidha, katika matoleo mawili ya kwanza, mhusika hakuweza kutoka bwawani endapo mchezaji aliondoa ngazi. Asemaye “amezama” anaarifu ajali. Asemaye “nimemzamisha” anakiri kosa. Kilichoonekana kwenye skrini ni kilekile.

Kutoka mchezoni hadi maishani

Gumzo la namna hii haliishii mchezoni. Habari za bustani ya mhusika huzaa swali kuhusu bustani ya mchezaji. Vivyo hivyo upishi, ushonaji na ufugaji wa paka. Hapa ndipo nafsi ya kwanza inapozua utata. Kauli “Nimechoka, hata vyombo sijaosha” yaweza kuwa ya mhusika au ya msemaji mwenyewe. Malinowski (1923) alibainisha mazungumzo ambayo dhima yake ni kujenga ushirika kuliko kupashana habari. Gumzo la wachezaji lina dhima hiyo, lakini utata wa ni- huongeza nyingine: sitara. Msemaji hutaja uchovu wake bila kuukiri, na mwenzake huchagua kujibu kuhusu mchezo au kuuliza, “Wewe au yeye?”

Hitimisho

Mtafiti anayechukulia kila ni- kuwa ushuhuda wa maisha ya msemaji atapotoka. Anayezichukulia zote kuwa mchezo naye atapotoka, na hasara yake ni kubwa zaidi: hatamsikia aliyekuwa akizungumza kujihusu. Uchambuzi wa gumzo hili hauna budi kuanzia kwenye kiambishi, lakini hauwezi kukomea hapo. Jibu la msikilizaji ndilo linaloonyesha ni- hiyo imepokelewa kuwa ya nani.